Mikeka Inywe Kwanza

Herufi ambayo midomo yangu haijawahi kuitii ni p. Kwa miaka mingi nilikaa mbele ya watoto wa duksi hapa Waberi, nikiwafundisha kila herufi ya Kurani inapotokea: hii kooni, hii kwenye ncha ya ulimi, hii kati ya midomo miwili. Mtoto akichanganya herufi mbili nilimrudisha mwanzo wa aya, hata kama jua limekwisha kuzama na mama yake anamsubiri mlangoni. Lakini lugha niliyoinyonya haina p, na lugha ya Kitabu haina p, na nilipojifunza Kiswahili nikiwa kijana midomo yangu ilikuwa imekwisha kuchagua njia zake. Nikitaka pilau nasema bilau. Paka wa jirani kwangu ni baka. Na jambo baya zaidi ni kwamba masikio yangu nayo hayaoni tofauti. Nasema b, nasikia p, nami naridhika.

Marehemu mke wangu alisema vile vile, kwa hiyo kati yetu hapakuwa na wa kumcheka mwenziwe. Aliyecheka ni binti yetu wa mwisho. Yeye alizaliwa mjini, akasoma hadi akawa mwalimu wa shule ya msingi, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi. Jioni baada ya chai alikuwa akichukua karatasi kutoka kwenye daftari zake za kusahihisha, akaishika mbele ya uso wangu.

"Sema pana, Aabo. Karatasi itikisike."

"Bana."

"Haijatikisika."

"Leo hakuna upepo."

"Upepo unatakiwa utoke kwako."

Tulikuwa wawili tu nyumbani wakati huo. Mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mitatu kabla. Binti mkubwa aliolewa Liboi, mumewe ana duka huko. Wa pili alikwenda Nairobi na mume wake. Zamani, siku za mvua kubwa, muadhini alipotangaza kwamba watu waswali majumbani mwao, mimi nilikuwa na safu nzima nyuma yangu: mke na mabinti watatu, bega kwa bega, na yule mdogo akivuta kanga ya dada yake wakati wa kusujudu. Kisha safu ikapungua mmoja mmoja, hadi ikawa safu ya mtu mmoja. Sikulalamika. Kuwa na mtu mmoja wa kuitikia amina ni neema, na nilimshukuru Mungu kwa amina ile kila siku.

Mwaka binti yangu huyo alipopata mchumba ulikuwa wa ukame. Misimu ilikuwa imepita bila tone. Shemeji yangu wa Bute, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu, alinipigia simu akaniambia ng'ombe waliobaki anaweza kuwataja kwa majina bila kuvuta pumzi mara ya pili. Hapa mjini tulitoka asubuhi moja hadi uwanja wa wazi, wazee kwa watoto, tukaswali rakaa mbili za kuomba mvua. Baada ya hotuba tuligeuza mashuka yetu kama desturi ilivyo, upande wa ndani ukawa wa nje, wa kulia ukawa wa kushoto, kumwomba Mungu naye atugeuzie hali. Nilirudi nyumbani na shuka langu likiwa bado limegeuka, pindo zote zinaonekana, na binti yangu akanisaidia kulikunja hivyo hivyo.

Majuma machache baadaye harusi ilipangwa iwe siku ya Alhamisi. Na wakati huo huo mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Wajir.

Lazima nieleze alichokitaka binti yangu, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu. Kwetu aqal ni nyumba ya mwanamke. Ni ile nyumba ya wafugaji inayobebwa na ngamia, ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka minene. Mama humfumia bintiye mikeka hiyo, na siku ya harusi bibi harusi hukaa ndani yake, hata kama mume ana nyumba ya mawe yenye ghorofa. Baba hana mkono katika kazi hiyo. Mke wangu alifuma seti tatu hapa hapa barazani, mchana kutwa akitafuna maganda ya mgunga ili yalainike yawe nyuzi, midomo yake ikiwa na rangi ya chai ya rangi. Maganda aliletewa na mdogo wake kutoka Bute, yakifika kwa basi katika gunia. Mabinti wawili wa kwanza walikaa ndani ya nyumba zao na mama yao akiwa mlangoni. Seti ya tatu aliifikisha karibu na mwisho. Ugonjwa ulipomzidi alikuwa amebakiza kiasi cha shibiri mbili kwenye ukingo wa mkeka wa mwisho, na nyuzi bado zinaning'inia pale alipoziachia.

Kwa hiyo binti yangu alitaka akae ndani ya aqal ya mama yake, uani kwetu, siku ya harusi yake. Mama wa bwana harusi alipendekeza ukumbi mjini, wenye feni na paa la bati, kwa hofu ya mvua. Binti yangu alimjibu kwa adabu kwamba ukumbi ni mzuri, lakini mlango wake haukufumwa na mama yake. Ukumbi haukutajwa tena.

Usiku ule baada ya isha binti yangu aliniletea chai, akakaa chini karibu na kiti changu.

"Aabo, niombee isinyeshe Alhamisi. Saa chache tu. Ikifika magharibi inyeshe itakavyo."

"Siwezi, aabo," nikamwambia, kwa maana kwetu baba naye humwita mtoto wake kwa lile lile jina analoitwa yeye.

"Ipo dua. Ulitufundisha mwenyewe. Mvua iwe kandokando yetu, isiwe juu yetu."

"Ipo. Na nilikufundisha iliombwa lini. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, nyumba zikabomoka, njia zikakatika. Sisi hata tone halijaanguka. Nimegeuza shuka mbele ya watu wote kuiomba. Nitasimamaje leo nimwambie Mola, ngoja kwanza?"

Alinitazama kidogo. "Najua, Aabo," akasema. Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza chai, akaenda jikoni. Siku zilizofuata alinihudumia kama kawaida, alisimama nyuma yangu katika swala kama kawaida, lakini karatasi haikutoka tena kwenye daftari.

Nililiwaza jambo hilo sana. Nilikuwa na hakika na jibu langu, hadi leo nina hakika nalo. Ila mke wangu angekuwapo angepata neno la tatu, lililo kati ya ndiyo na hapana, maana maneno hayo alikuwa nayo yeye. Mimi nilikuwa na mawili tu, na niliyatumia vizuri, na nyumba ikawa kimya.

Sikuweza kuomba, basi nikaamua kufanya kazi. Kujiandaa kwa mvua ni kazi tuliyokuwa tumeisahau kabisa. Majirani walikuja kusaidia, wakabishana maji yataelekea wapi. Mmoja alisema ua unateremka kuelekea langoni, mwingine akasema jikoni. Nikaleta ndoo ya maji nikaimwaga katikati tuone. Ardhi iliyanywa yote kabla hayajatuambia lolote. Tukamwaga ya pili, ikanywa. Mwishowe tulichimba mitaro pande zote mbili. Kuni za kupikia nilizipanga ndani ya chumba changu cha kulala, magunia ya mchele juu ya kitanda cha mabinti, na mikeka ya kukalia wageni chini ya bati la baraza.

Jirani yetu, mama mzee auzaye maziwa ya ngamia, alisimama langoni akitutazama.

"Maalim," akaniita, "mliigeuzia mashuka, sasa mnaichimbia mashimo. Itajua ije au isije?"

"Ije, mama. Tunaiandalia pa kupita."

"Mgeni huandaliwa pa kukaa," akasema. "Ninyi mnamwonyesha mlango wa nyuma." Akaenda zake, na waliokuwa wakichimba wakacheka hadi jembe likaanguka.

Fundi wa mahema alitoka Mwingi. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, na alikuja amevaa viatu vya mpira hadi magotini juu ya vumbi jekundu ambalo halijaona maji mwaka mzima.

"Maalim, usinicheke," akasema. "Hivi viatu vimeniambia mambo. Vikiniuma kidole, mvua iko njiani."

"Na sasa vinauma?"

"Vinauma vyote viwili."

Nilimwonyesha mahali aqal itakaposimama, kwenye kona ya mashariki, nje kidogo ya hema lake. Mawazo yangu yalikuwa kwamba akilitandaza hema lake kwa upana upande ule, litaifunika na aqal yenyewe, na mikeka ya marehemu haitaguswa na maji. Hilo ndilo lingekuwa neno langu la tatu kwa binti yangu, ingawa sikumwambia.

"Upande huu wa aqal," nikamwambia fundi, "nataka pana."

"Nibane?"

"Naam. Pana kabisa."

Alitazama mawingu, akatazama kona. "Umefikiri vizuri. Upepo utatoka huko. Nitabana upande huu mpaka tenti ilie kama ngoma."

Sikuelewa mambo ya ngoma yanahusu nini, lakini mafundi wana maneno yao. Tukapeana mikono.

Shemeji yangu ndiye aliyekuwa aje kuisimamisha aqal. Alipanda basi Bute siku ya Jumatatu. Jumanne mvua ilinyesha huko juu, lagha ikajaa, ule mto mkavu ambamo hata mbuzi hulala, na basi likakwama ng'ambo na abiria wote. Aliniambia kwa simu kwamba yu mzima, kwamba wanapika chai kwa maji ya mvua, na kwamba alikuwa amelia kwa furaha hadi kondakta akadhani amefiwa. Kisha akasema, "Lakini nani atasimamisha nyumba ya dada yangu?"

Walioisimamisha ni wanawake wa mtaa wetu, wengi wao wazaliwa wa mjini ambao aqal wameiona kwenye sherehe tu. Simu iliwekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sauti ya shemeji yangu ikitoka kwa vipande.

"Fito ndefu katikati. Mmefunga?"

"Tumefunga, habaryar," binti yangu akamwitikia mama yake mdogo.

"Sasa mikeka. Nywele nje."

Mikeka ile ina pande mbili, mmoja laini na mwingine wenye nyuzi ndefu kama manyoya ya kondoo. Wasichana walikuwa wamekwisha kuitandika nywele ndani, kwa sababu zinapendeza kwenye picha kama zulia. Wakaishusha yote, wakaigeuza. Mimi nilisimama barazani nikitazama. Nilikaa na mwanamke yule muda wote ule wa ndoa yetu, nikala alichopika na kulala alipotandika, na sikujua kwamba nyumba ina upande wa kugeuzwa.

"Na mvua ikija," shemeji yangu akaanza kusema, "msije mka..." Hapo mtandao ukakatika, wala haukurudi siku hiyo. Mkeka wenye ukingo usiokamilika uliwekwa wa mwisho, karibu na mlango.

Alhamisi nilimwoza binti yangu msikitini asubuhi. Nilishika mkono wa kijana yule nikatamka maneno ambayo nimewatamkia watu wengi. Ni kijana mwema, anafanyia kazi Nairobi, anaswali. Sikuwa na shaka naye. Wanaume walikula nyumbani kwa jirani, na mimi sikurudi kwangu hadi baada ya alasiri, wakati wanawake walikuwa wamejaa uani, ubani ukifuka, na mashairi yao ya harusi yakisikika tangu barabarani. Bibi harusi alikuwa ndani ya aqal.

Mvua ilinikuta langoni. Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka kama iliyokuwa imezuiliwa na mkono na mkono ukaondolewa. Nilivua kofia yangu, maana ni sunna mtu aache kichwa kiguswe na mvua mpya, nikasema, "Mola, ijaalie iwe ya manufaa." Nilifikiria basi la shemeji yangu, na ng'ombe wenye majina. Nilifurahi furaha ya kweli. Kisha nikafungua macho nikaitazama kona ya mashariki.

Hema lilikuwa limevutwa na kukazwa vizuri ajabu. Upande wa aqal lilikuwa limerudishwa nyuma, ukingo wake umekazwa kwenye vigingi vitatu, na maji yote ya paa lile kubwa yalikuwa yakiteremka kwa mkondo mmoja juu ya nyumba ya mke wangu.

Nilimkuta fundi amejibanza chini ya bati, viatu vyake hatimaye vimepata kazi.

"Mbona upande ule haufiki?"

"Wewe ulisema nibane."

"Nilisema bana."

"Ndiyo. Nikabana."

"Sikusema bana. Nilisema bana." Nikafungua mikono yangu yote miwili hadi mwisho. "Bana. Hivi."

Fundi alitazama mikono yangu, na uso wake ukabadilika taratibu. "Pana," akasema. "Maalim, ulitaka pana."

"Ndivyo ninavyosema tangu juzi."

Ndipo niliposikia kicheko kutoka ndani ya aqal. Mikeka haizuii sauti. Alikuwa amesikia yote. Alicheka kile kicheko cha karatasi, kile ambacho sikuwa nimekisikia tangu usiku wa chai, akicheka hadi akakohoa. "Aabo," akaita kutoka ndani, "upepo haukutoka."

Lakini kicheko kilikatika. Maji yalikuwa yameanza kupenya. Nilisikia wanawake ndani wakisogezana, mmoja akisema hapa panavuja, mwingine akasema na hapa. Mama wa bwana harusi akajitokeza mlangoni, shela yake imelowa mabegani.

"Maalim, mtoto atalowa na nguo imetoka mbali. Namtoa nimpeleke nyumbani. Nyumba hii imeshindwa."

Nilimwona amekwisha kumshika binti yangu mkono. Na binti yangu alikuwa ameinuka nusu, anatazama juu, kwenye mikeka, kwa uso ambao nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku tulipomzika mama yake. Nilijua akitoka hatarudi. Wangeibomoa mikeka iliyolowa, na hiyo ingekuwa ndiyo siku yake.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikujua kwamba nalijua. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tuliishi pembeni mwa Bute, katika aqal aliyofumiwa na mama yake. Nilikuwa kijana mwenye elimu changa na majivuno mengi. Mvua ya kwanza ilipokuja, tone likaangukia ubao wangu wa kuandikia, kisha jingine, nami nikaruka nikakusanya vitabu nikitaka kukimbilia chini ya mti. Yeye alikuwa amekaa anakamua nguo ya kichwa. Hakuinuka. Alisema, "Kaa. Ngoja inywe kwanza." Nikamuuliza inywe nini. Akasema mikeka imekauka miezi yote hii, haiwezi kufanya kazi na kiu. Tulikaa tukiloa, yeye ananitazama, mimi nimekumbatia vitabu.

"Mwache akae," nikamwambia mama wa bwana harusi. "Mikeka inywe kwanza."

"Inywe?"

"Imekauka. Nyuzi zikishiba zitavimba, zitafunga."

"Na hayo umeyajua wapi, wewe mtu wa vitabu?"

"Kwa mwenye nyumba."

Alinitazama kama mtu anayepima iwapo mzee huyu bado ana akili zake. Binti yangu akauliza kutoka nyuma yake, kwa sauti ndogo, "Aabo, una hakika?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Mama yako alikuwa na hakika," nikamjibu.

Akaketi. Mama wa bwana harusi akasimama kidogo, kisha akaketi karibu naye, akamfunika mapaja kwa shela yake mwenyewe. Wageni wengine walikuwa wamekimbilia barazani na ndani ya nyumba, wamesimama kati ya magunia ya mchele. Uani nilibaki mimi, kichwa wazi, nimeloa hadi kwenye ngozi, nikisikiliza matone ndani ya aqal. Sikuomba mvua ipungue. Nilisikiliza tu. Tone, tone, tone. Kisha nafasi kati ya tone na tone ikawa ndefu kidogo. Nilidhani masikio yananidanganya, yana tabia hiyo. Nje maji yalimwagika kwa nguvu ile ile, na nywele za mikeka zilikuwa zimelala chini zote, nyeusi, zikiyateremsha kama manyoya ya ngamia aliyesimama mvuani.

"Imeacha," mtu akasema ndani.

"Hapa bado."

"Hapo ni ukingoni. Kwingine kote imeacha."

Ilikuwa kweli. Lilibaki tone moja, karibu na mlango, pale mama yake alipoachia nyuzi. Mmoja wa wanawake akataka kuliziba kwa kitambaa. Binti yangu akasema, "Usiliguse." Akachukua chombo cha maziwa cha mama yake kilichokuwa ndani kwa mapambo, akakiweka chini ya tone lile. Kisha akaanzisha mwenyewe wimbo ulioachwa katikati, na wanawake wa barazani wakaitikia.

Hawakukaa sana. Vijana wa upande wa bwana harusi walisema barabara itakatika, waondoke kabla ya magharibi. Nilimsindikiza hadi kwenye gari nikiwa nimeshika turubai juu ya kichwa chake. Akateremsha kioo, akaweka kiganja chake cha hina mbele ya mdomo wangu.

"Sema, Aabo."

"Bana."

Akakiacha kiganja pale kwa muda, kama anayengoja kitu. "Nenda salama, aabo," nikamwambia, na gari likaondoka likirusha maji mekundu pande zote mbili.

Wageni walitawanyika upesi. Fundi aliniambia atakuja kulichukua hema likikauka, akaomba radhi tena, nami nikamwambia kwamba kosa ni la midomo yangu na kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mama muuza maziwa alipita na mwavuli uliovunjika mkono, akaitazama mitaro yetu iliyojaa hadi juu.

"Mgeni wako amekaa, Maalim," akasema.

"Amekaa, mama. Alhamdulillahi."

Nyumbani hapakuwa na mahali pa kuketi. Kitandani kwangu kulikuwa na kuni, kitanda cha mabinti kilikuwa na mchele, sebuleni kulikuwa na viatu vya watu waliosahau viatu. Nikaingia ndani ya aqal. Palikuwa na harufu ya ubani na ya maganda ya mgunga yaliyolowa, harufu ya baraza letu la miaka yote ile. Nilifikiria kuibomoa kabla haijaoza, lakini sikujua kinaanza kufunguliwa kipi. Itabidi imngoje shemeji yangu, na shemeji yangu aingoje lagha.

Muadhini akaanza. Alipofika mahali pake, akatangaza kama inavyotangazwa katika mvua kubwa, kwamba watu waswali majumbani mwao.

Maneno yale nilikuwa nikiyapenda. Nilitia udhu kwa maji yaliyokuwa yakitiririka ukingoni mwa hema, nikatandika mkeka mdogo, nikajua kibla kwa kuutazama mlango. Nikakimu swala mwenyewe. Kisha, kabla ya kuinua mikono, nikageuka nyuma kama imamu anavyogeuka, nikasema kwa sauti, "Nyoosheni safu."

Chombo cha maziwa kilikuwa pale nyuma yangu, kimejaa zaidi ya nusu, na tone likaanguka ndani yake. Nikageuka tena mbele, nikafunga swala.